Nimechoka Kufundisha na Sina Kazi Nyingine: Niipeleke Barua ya Kuacha?

Shikamoo Mwalimu,

Ninaandika barua hii saa tisa usiku, kwa sababu siku hizi huo ndio muda wangu wa kuamka, nitake nisitake. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari ya kata, katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Nina umri wa miaka 36, nimeolewa, na nina watoto wawili. Niliajiriwa na serikali mwaka 2017, kipindi ambacho walimu wa Sayansi na Hisabati ndio waliokuwa wakitafutwa, na siku jina langu lilipotoka mama yangu alichinja jogoo akaita majirani. Nakutajia jogoo huyo kwa sababu ni sehemu ya tatizo langu.

Shuleni tuko walimu wawili wa Hisabati, na mwenzangu yuko masomoni tangu mwaka jana. Ninafundisha vipindi 32 kwa wiki. Mkondo mmoja wa kidato cha tatu una wanafunzi 94, na nikikusanya madaftari yao siku ya Jumatatu, ya mwisho huyarudisha Ijumaa ya wiki inayofuata, wakati mada imekwisha kubadilika. Hayo nilikuwa nimeyazoea. Kilichonivunja ni kikao cha tathmini kilichofanyika baada ya matokeo ya kidato cha nne kutangazwa. Walimu wa masomo yaliyofanya vibaya tulisimamishwa mmoja mmoja, mbele ya walimu wenzetu, viongozi wa kata na baadhi ya wazazi, tujieleze. Nilipoanza kusema kwamba nusu ya watoto wanaoingia kidato cha kwanza hawajui kugawanya, niliambiwa hivyo ni visingizio, nikae. Kisha tulipewa karatasi za kuahidi kiwango cha ufaulu. Niliweka saini kwenye asilimia ambayo ninajua kabisa kwamba sitaifikia.

Tangu siku hiyo sijawa sawa. Sauti inanikauka kipindi cha pili tu. Wiki mbili zilizopita niliandika mlinganyo ubaoni, nikaufuta, nikauandika tena, kwa sababu sikutaka kugeuka na kuwatazama wanafunzi. Kiranja wa darasa akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani huo si ndio uleule?" Nilitoka nje nikajifanya ninapokea simu.

Nimekwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Haina tarehe. Ninaibeba kila siku kwenye daftari langu la maandalio ya masomo, na kusema kweli ndiyo inayonipa nguvu ya kuingia darasani, kwa kuwa ninajua kwamba naweza kuitoa wakati wowote. Sina kazi nyingine niliyoipata. Nimefikiria kufungua kituo cha tuisheni, au kufuga kuku wa mayai.

Hesabu zangu ni hizi. Mshahara wa msingi ni shilingi 1,060,000. Baada ya kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, chama cha walimu, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi na mkopo wa benki ambao makato yake ni 268,000 kila mwezi, mkononi hubaki 396,900. Mkopo wa benki umebakiza miezi 31. Niliuchukua kwa ajili ya nyumba, ambayo imefika kwenye lenta ikasimama. Kwenye kikoba nina shilingi 2,400,000. Mume wangu ni dereva wa lori, na fedha yake huja kwa safari. Kuna mwezi inakuja na kuna mwezi haiji. Mchango wangu katika matumizi ya nyumbani ni kama 350,000. Mtoto wetu wa pili, mwenye miaka saba, ana selimundu, na anahudhuria kliniki kwa kadi yangu ya bima.

Mwalimu mwenzangu amenishauri nichukue mkopo mwingine juu ya ule wa sasa, nijaze mfuko, kisha niondoke kimyakimya, "kwa sababu benki watadaiana na mwajiri." Mume wangu anajua kwamba nimechoka lakini hajui habari ya barua. Mama yangu sijathubutu kumwambia, maana kwake kazi ya serikali haiachwi.

Ninachokuuliza ni kimoja: je, ni dhambi kuacha kazi kabla ya kupata nyingine? Na kama si dhambi, niipeleke lini?

Mwalimu wa Hisabati, Kanda ya Ziwa

———

Marahaba, Mwalimu. Pole kwa kikao kile, na pole zaidi kwa usiku unaokufuata. Nimefundisha miaka 22 kabla ya kustaafu, nami nimewahi kusimamishwa katika vikao vya namna hiyo, kwa hiyo sitakuambia kwamba unakuza mambo. Mtu aliyeambiwa aeleze kisha akakatazwa kueleza hajafanyiwa tathmini ya aina yoyote.

Si dhambi. Sheria inamruhusu mtumishi kuacha kazi kwa hiari yake, bila kumwonyesha mtu yeyote kwamba ana pengine pa kwenda. Hata hivyo, hukuniuliza kuhusu ruhusa peke yake. Umeuliza pia lini, na jibu langu kwa hilo ni kwamba si sasa, na kamwe si kwa njia aliyokushauri mwenzako.

Niruhusu nianze na ushauri huo wa mwenzako, kwa sababu kati ya yote uliyoandika ndio unaoweza kukuharibia maisha kwa muda mrefu kuliko kikao chochote. Mkopo wa mshahara haudaiwi mwajiri. Mwajiri anachofanya ni kukubali kukata na kupeleka. Deni ni lako, kwa jina lako, na siku mshahara unapokoma deni halikomi. Bima inayoambatana na mikopo hiyo imewekwa kwa ajili ya mkopaji anayefariki au anayepata ulemavu wa kudumu. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeondoka kwa hiari. Benki zinapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata iliyo chini ya Benki Kuu, kwa hiyo siku utakapotaka mtaji wa kituo chako cha tuisheni, hata katika benki nyingine, jambo la kwanza watakaloliona ni deni lile. Na kuondoka kimyakimya kuna jina lake katika utumishi wa umma: ni utoro. Ukikosekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa unafunguliwa shauri la nidhamu, Tume ya Utumishi wa Walimu inaweza kukufukuza kazi, na jalada lako litasomeka kwamba ulifukuzwa. Aliyeacha kazi kwa barua na aliyefukuzwa kwa utoro wote hawana mshahara mwezi unaofuata, lakini wa kwanza anaweza kumwomba mkuu wake wa zamani barua ya utambulisho.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoondoka kimyakimya hulijua wakiwa wamechelewa. Mara nyingi jina halitolewi kwenye orodha ya mishahara siku hiyohiyo. Mshahara unaendelea kuingia mwezi mmoja au miwili, makato ya benki yanachukuliwa humo humo, na baadaye serikali inadai fedha hiyo irudishwe, kwa kuwa umelipwa kwa kazi ambayo hukuifanya. Hapo unadaiwa na pande mbili fedha ambayo sehemu kubwa yake hata hukuishika. Ukiondoka kwa njia yoyote ile, kisha ukaona mshahara umeingia, usiuguse, mwandikie mwajiri.

Sasa tuchukue hati yako ya mshahara, wewe na mimi, kama tunavyosahihisha swali la mwanafunzi. Siku utakapoacha, kodi itaondoka, mchango wa mfuko utaondoka, na chama pia. Vitakavyobaki ni vile vinavyouma. Benki bado ni 268,000. Bodi ya Mikopo haikusamehi kwa sababu huna mwajiri: aliyejiajiri anatakiwa kurejesha mwenyewe, na kiwango cha chini ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Mchango wako nyumbani ni 350,000. Jumla ni 718,000 kila mwezi. Ukizigawanya zile 2,400,000 kwa kiasi hicho unapata miezi 3 na siku chache, na hapo sijagusa bima ya mtoto, wala fedha ya kuanzisha chochote. Tena umeniambia fedha iko kwenye kikoba. Vikoba vingi huvunjwa mwisho wa mwaka. Je, chenu kinamruhusu mwanachama kuchukua akiba yake katikati ya mzunguko? Kama hakiruhusu, basi kwa sasa huna hata hiyo miezi 3.

Kuhusu kuku wa mayai nitasema kidogo tu. Kila mtumishi aliyechoka huota kuku, nami niliwaota. Kuku wa mayai hula chakula cha dukani kwa miezi kama mitano kabla ya kutaga yai la kwanza, na katika miezi hiyo hawajui kwamba wewe umeacha kazi. Wazo la tuisheni lina mzizi zaidi, kwa sababu ni kazi unayoijua, nitalirudia hapo mbele.

Watu wengi hudhani kwamba wakiacha kazi watapewa "chao" kutoka kwenye mfuko. Fao la kujitoa, lile la kuchukua michango yako yote unapoondoka, halipo tena. Lililochukua nafasi yake ni fao la kukosa ajira, na hilo limewekwa kwa waliopoteza kazi; aliyeacha kwa hiari hahusiki nalo. Michango yako haipotei, ila itakaa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ikisubiri umri wa kustaafu, ambao ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia miezi isiyopungua 180, na wewe uliyeanza 2017 umefikia kama 108. Umebakiza miaka sita hivi. Sikuambii ukae miaka sita kwa ajili ya hesabu hiyo. Ninakuambia uijue kabla ya kuondoka, kwa sababu ukiajiriwa baadaye katika shule binafsi utachangia NSSF, mfuko wa sekta binafsi, na vipindi vya mifuko hiyo miwili vinaweza kuunganishwa pale unapodai haki yako, ilimradi kumbukumbu za kila mfuko ziko sawasawa. Kwa hiyo, iwe unaondoka au unabaki, omba PSSSF taarifa ya michango yako na uihesabu mwezi kwa mwezi. Angalia kwa makini miezi ya kabla ya mifuko kuunganishwa mwaka 2018, kwa sababu wewe uliajiriwa kabla yake na ulianza kuchangia katika mfuko mwingine. Ukikuta miezi haipo, ni rahisi kuifuatilia ukiwa bado mtumishi, wakati afisa utumishi wa halmashauri ana wajibu wa kukusikiliza.

Lililonifanya niseme "si sasa" bila kusitasita ni mtoto wako wa pili. Katika NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, wewe unachangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anachangia 3 nyingine, na kwa michango hiyo mnatibiwa wewe, mume wako na wategemezi wengine hadi wanne. Mchango wa mwajiri ukikoma, kadi ya mtoto inakoma pamoja na yako. Mtoto wa selimundu hasubiri wakubwa wapange maisha yao: leo mzima, kesho ana maumivu ya mifupa na anahitaji kulazwa, na dawa za kila siku haziruki mwezi. Kabla hujaweka tarehe kwenye barua yoyote, nenda ofisi ya NHIF ya mkoa, uliza kifurushi kipi kinaweza kumpokea mtoto ambaye tayari ana ugonjwa huo, kwa gharama gani, na kama kuna muda wa kusubiri kabla ya huduma kuanza. Usiridhike na maneno ya dirishani, omba karatasi. Muulize pia mume wako kama mwenye lori amewahi kumpa mkataba na kumsajili popote. Madereva wengi hawaulizi jambo hilo kwa kuogopa kunyang'anywa gari, lakini kama baba akisajiliwa mtoto anaweza kupata bima kwa upande huo, nawe utapumua.

Nimeongea fedha kwa urefu kwa sababu barua yako ilinipa tarakimu, na mwalimu wa Hisabati hawezi kulaumu mtu kwa kuzikokotoa. Ila niliisoma barua ile mara tatu, na mara ya tatu nikaona kwamba hukusema hata mara moja kwamba huipendi kazi ya kufundisha. Ulisema watoto 94. Ulisema vipindi 32, kikao, karatasi ya ahadi, na daftari linalorudi wakati mada imekwisha kubadilika. Mtu aliyechoshwa na kufundisha haumizwi na daftari kuchelewa kurudi. Kwa hiyo nina swali ninalotaka ulijibu wewe na mume wako, si mimi: ukiamka kesho uko katika shule nyingine, yenye mwalimu wa pili wa Hisabati na mkuu anayekusikiliza, je, bado ungehitaji kuibeba barua ile? Kama jibu ni ndiyo, basi kazi hii imekwisha na tupange safari. Kama jibu ni hapana, unachotaka kukiacha ni kituo, na kituo kinaachwa kwa namna nyingine.

Uhamisho huombwa kwa mfumo wa kielektroniki wa watumishi, na ninajua kwamba maombi mengi hukaa muda mrefu bila jibu. Njia ambayo nimeona ikifanikiwa zaidi ni ya kubadilishana: unamtafuta mwalimu wa somo lako anayetaka kuja upande wenu, mnaomba kwa pamoja, na hakuna shule inayobaki na pengo. Gharama za kuhama zitakuwa zako, kwa kuwa ni ombi lako mwenyewe. Likizo bila malipo nayo ipo kwa anayepata kibali, ila kwako sioni faida yake, kwa sababu benki itaendelea kudai wakati mshahara umesimama.

Kabla ya uhamisho, hata hivyo, kuna daktari. Kuamka saa tisa kila usiku, sauti kukauka kipindi cha pili, kushindwa kugeuka na kuwatazama wanafunzi ambao umewafundisha miaka yote hii: hizo ni dalili, Mwalimu, na dalili hupelekwa hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili, na kadi unayoogopa kuipoteza ndiyo hiyo itakayokuingiza. Usione haya ya kuonekana kwenye benchi la kliniki hiyo. Walimu wengi wamekaa hapo, nami nikiwa mmojawapo, mwaka ambao nilimfokea mtoto mmoja hadi akajikojolea na nikarudi nyumbani nikiwa sijitambui. Daktari akiona inafaa atakuandikia mapumziko, na likizo ya ugonjwa ni haki ya kisheria yenye mshahara, mradi cheti kifike kwa mwajiri kwa wakati. Wiki chache za kulala usingizi zitakuonyesha kama uamuzi wa kuacha ni wako au ni wa uchovu. Ninajua mtu aliyeandika barua kama yako mwezi wa tatu, akapumzika, na mwezi wa tano bado akaipeleka. Aliipeleka akiwa na akili iliyotulia, na hajaijutia.

Kuhusu vipindi 32, mwandikie mkuu wa shule, kwa maandishi, ukitaja idadi ya vipindi, idadi ya wanafunzi katika kila mkondo, na kwamba mwenzako yuko masomoni. Omba mwalimu wa kujitolea. Wahitimu wa ualimu wasio na ajira wako kila kata. Katika barua hiyo usiseme chochote kuhusu kikao. Faida yake ni kwamba mwakani ukisimamishwa tena, utakuwa na nakala yenye tarehe inayoonyesha kwamba ulieleza hali mapema, na mwakilishi wa chama cha walimu shuleni kwenu atakuwa na kitu cha kushika. Ile karatasi ya ahadi isikunyime usingizi kiasi hicho. Kila mtu aliyekuwa katika ukumbi ule anajua kwamba kila mwaka watahiniwa wa kidato cha nne wanaofeli Hisabati nchini ni wengi kuliko wanaofaulu, na kwamba tatizo hilo halikuanzia kwenye mkono wako ulioshika chaki.

Sasa tuseme umetibiwa, umepumzika, umejaribu uhamisho, na bado unataka kuondoka. Hapo nitakuunga mkono, na tarehe tutaipanga hivi. Kwanza nenda benki uulize kiasi cha kumaliza mkopo wote kwa mkupuo leo. Marejesho yako ya miezi 31 yanafika 8,308,000, lakini humo mna riba ya miezi ambayo bado haijafika, na anayemaliza mapema kwa kawaida hulipa pungufu ya hapo. Ulizia pia kama kuna tozo ya kumaliza kabla ya wakati. Kiasi hicho ndicho kipimo chako. Siku utakapokuwa na kipato cha pembeni kinachoweza kubeba rejesho la benki bila kugusa mshahara kwa miezi sita mfululizo, umeshakaribia. Ndiyo maana nilisema wazo la tuisheni lina mzizi: lianze sasa, jioni moja na Jumamosi, kwa watoto wa shule nyingine na watahiniwa wa kujitegemea wanaorudia mtihani. Usiwatoze wanafunzi wako mwenyewe, maana hapo utakuwa umewapa waliokusimamisha sababu ya kweli. Utaona baada ya miezi michache kama wazazi wanalipa au wanaahidi, na kujua hilo ukiwa na mshahara kuna nafuu kubwa kuliko kujua ukiwa huna. Nyumba iache pale kwenye lenta. Tofali hazihitaji chai.

Mwezi wa kuondoka uwe Desemba. Kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, mwaka wa masomo huanza Januari, na kikoba kitakuwa kimevunjwa. Rudi kwenye barua yako ya ajira usome sehemu ya notisi, kwa sababu muda umeandikwa humo, na anayeondoka bila kuutumikia hudaiwa mshahara wa kipindi hicho. Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, nakala kwa ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Iwe fupi. Sababu binafsi zinatosha. Yaliyotokea kwenye kikao yana mahali pake pengine, na barua ya kuacha kazi hukaa kwenye jalada miaka mingi baada ya hasira kwisha. Kabidhi vitabu, alama na funguo kwa maandishi. Na uondoke ukijua kwamba mlango wa kurudi ni mwembamba: katika usaili wa walimu wa mwanzoni mwa mwaka 2025 waombaji zaidi ya laki mbili waliwania nafasi zisizofika 15,000. Mwalimu wa Hisabati hupata kazi kwa urahisi zaidi katika shule binafsi, ila huko nako kuna mikataba ya mwaka mmoja mmoja na wamiliki wanaochelewesha mishahara, nawe utakwenda ukiwa umefumbua macho.

Mume wako mwambie wiki hii. Siyo habari ya uchovu, ambayo anaijua. Habari ya barua. Mtu anayeendesha lori usiku kucha akiamini kwamba nyumbani kuna mshahara wa uhakika anapanga maisha yake kwa imani hiyo, na haitakuwa haki agundue mwenyewe. Mama yako anaweza kusubiri. Jogoo yule alichinjwa kwa furaha, na mama hakukukopesha. Siku utakapomwambia, mwambie kwanza habari ya mjukuu na kadi ya bima, kwamba umelipanga hilo, kisha mengine yafuate. Wazee wetu wanaposema kazi ya serikali haiachwi, mara nyingi wanachoogopa ni hospitali.

Na lile daftari la maandalio, Mwalimu: kila wiki mwalimu wa taaluma hulikagua na kulitia saini. Itoe barua humo leo, ukaiweke nyumbani.